NILIVYONUNUA LAND ROVER YA KIPILI KWA HELA YA STAA (JINA KAPUNI)

Najua nilipotea. Kuanzia Februari mpaka Agosti mwaka jana hapa hakukuwa na kitu cha maana zaidi ya picha za harusi nilizokuwa natumiwa na watu, na kuna mdau mmoja aliandika hapo chini kwamba nimeolewa na mzungu yuko Mwanza. Sijaolewa. Nilikuwa nalipa deni. Na kwa kuwa wengi mmeiona ile Land Rover ya kijani kwenye status yangu mkaanza kuulizana nani kanihonga, leo naeleza yote, pamoja na sehemu zinazonitia aibu.

Hakuna aliyenihonga. Staa yumo humu ndani, ila sivyo mnavyodhani.

Turudi Oktoba 2024. Mnakumbuka Arusha ilivyojaa Land Rover kwa ajili ya lile tamasha, watu wamezitoa mashambani na kwenye gereji, lengo kuvunja rekodi ya dunia ya msururu mrefu wa Land Rover iliyokuwa inashikiliwa na Ujerumani, magari 632. Wiki ile ukifungua simu ni Land Rover tu. Watu ambao hawajawahi hata kusukuma bajaji wakawa wataalamu wa Defender. Na mimi sikubaki nyuma, nikaandika hapa kile kipande cha mastaa wanaopiga picha na ndinga za kukodi halafu wanaandika "mwaka wangu". Kilisomwa kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Jina sikutaja hata moja.

Siku mbili baadaye msanii mmoja, tumwite Kaka Mkubwa, akanifuata inboksi. Roho ikanipasuka paa, nikajua leo nimekwisha. Kumbe hakuja kugomba. Aliandika: "Wewe si wa Sumbawanga? Huko kwenu hakuna Land Rover za kizamani kweli? Nataka moja ya kwangu mwenyewe, si ya kukodi." Akaweka na kikatuni cha kucheka.

Nikamjibu zipo nyingi tu. Nilijibu haraka mno. Ni kweli nimezaliwa Sumbawanga, Majengo, na fomu foo nimemalizia huko huko, lakini Land Rover nilizoziona utotoni ni za mapadri, za serikali, na moja ya mzee wa mbao ambayo ilikuwa inalala barabarani mara nyingi kuliko nyumbani. Sikuwa na gari lolote mkononi. Tukakubaliana nikimpatia nzuri ananipa milioni moja. Mimi napanga chumba Tabata cha laki moja kwa mwezi, fanyeni hesabu wenyewe.

Kwa msiofuatilia magari: zile Defender za umbo la zamani, la boksi, kiwanda kiliacha kuzitengeneza Januari 2016. Zilizopo ndizo hizo hizo. Ndiyo maana kitu ambacho juzi kilikuwa kinabebea mkaa leo dalali wa Dar anakutajia bei akiwa amekunja nne. Nilizunguka kwa madalali wiki nzima nikachoka. Halafu binamu yangu ambaye ananunua dagaa Kirando akanitumia picha moja usiku: Land Rover 110, kijani, imeegeshwa mbele ya nyumba ya matofali, kuku kasimama juu ya boneti. Chini kaandika, "Ipo Kipili. Mwenyewe anauza. 14."

Kipili ni bandari ndogo ya Ziwa Tanganyika, wilaya ya Nkasi, ilikuwa moja ya vituo vya meli ya Liemba, ile iliyojengwa Ujerumani 1913 ikaletwa huku ikiwa vipande. Kutoka Dar unakwenda Mbeya, Tunduma, Sumbawanga, halafu unapanda tena gari mpaka Namanyere, halafu unaanza kushuka kutoka uwanda wa Ufipa kwenda ziwani. Yaani gari likiuzwa Kipili na wewe uko Tabata huwezi kusema nitapita jioni nilicheki.

Kwa hiyo nikaenda Gerezani kwa fundi mmoja anayeshughulika na Land Rover tu, nikamnunulia soda, nikamwomba anifundishe kununua gari kwa picha. Alinicheka sana lakini akanifundisha. Bodi ya Land Rover ni alumini, haili kutu, kwa hiyo rangi ikikung'aria usifurahi, lala chini upige picha chesisi, hasa ule mti wa nyuma kabisa, maana chesisi ndiyo chuma na ndiyo inayooza. Injini kama ni 300Tdi, uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, ukikatika vavu zinapigana na pistoni, umelia. Omba video ikiwashwa asubuhi injini ikiwa ya baridi, uone moshi. Na kabla ya yote, akaniambia, picha ya kadi. Hayo mengine yanatengenezeka.

Nilikuwa naandika kwenye simu wakati anaongea. Juzi nimeangalia ile noti. Kadi nimeiandika ya mwisho.

Mzee mwenyewe alikuwa na kitochi, hana WhatsApp, kwa hiyo picha zilipigwa na mjukuu wake kwa simu ya binamu. Zikaja picha 31. Chesisi ina kutu nyuma na kiraka kimoja cha kuchomelea. Viti vimeshonwa upya kwa turubai. Mkanda wa taimingi, mzee anasema 2019. Na picha ya kadi ya gari, imeshikwa vizuri kabisa kwa mkono mmoja, namba ya usajili inasomeka, namba ya chesisi inasomeka, na dole gumba la yule mtoto limekaa sawasawa juu ya jina la mmiliki.

Nililiona lile dole. Nataka mjue kwamba nililiona. Nikalikuza kwenye skrini, nikaliangalia na kucha yake yenye tope, nikasema moyoni nitamwambia apige tena. Halafu nikafikiria milioni moja, na nikafikiria kwamba kama chini ya dole kuna kitu kibaya mchongo umekufa. Nikaziacha hivyo hivyo. Kaka Mkubwa akajibu "kali hii". Meneja wake akauliza, "Dada, kadi iko poa?" Nikaandika, "Iko safi."

Kesho yake simu ikaita mlio wa muamala. Milioni nne. Na maneno: "Ukifika ukaliona nipigie, namalizia fasta. Jina langu usitaje watapandisha."

Hapo kwa bei niliongea na mzee mwenyewe kwa simu mara ya kwanza. Nikamsalimia shikamoo, nikaanza mapambo yangu ya kidalali, nikamwambia babu hilo gari la siku nyingi, kutu, dizeli imepanda. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Halafu akasema, "Mjukuu, njoo ulione. Nikikutajia bei kwenye simu tutakuwa tunauziana simu."

Nikasafiri Januari, mvua ikiwa kwenye ubora wake. Majirani Tabata walivyosikia Sumbawanga si mnajua tena, usirudi na fisi, usipokee chakula, ukiitwa usiku usiitike. Nimechoka kuwaeleza watu kwamba jina lenyewe kwa Kifipa maana yake ni tupa uchawi, sasa mji unaokwambia tupa ndio umekuwa wa kuogopwa. Basi. Safari ilikuwa safari, nililala kwa mama usiku mmoja, mvua ikapiga bati mpaka asubuhi, Namanyere nikadandia fuso iliyokuwa inafuata dagaa. Kule kuteremka kwenda ziwani ndiko nilianza kuelewa kwa nini mtu wa Kipili anaweza kuwa na Land Rover na asiwe tajiri. Kuna sehemu konda alishuka akatembea mbele ya gari anaonyesha tairi zipite wapi. Juu kwetu nilivaa sweta mbili. Nilivyofika chini zote mbili ziko kiunoni, ziwa limetulia, visiwa mbele yake, harufu ya dagaa mpaka kwenye nywele.

Mzee alikuwa ananisubiri kwa koti na kofia ya balaghashia. Miaka 71, dereva tangu ujana wake, aliendesha mradi mmoja wa wafadhili mpaka mradi ukafungwa. Macho yameanza kuisha, usiku haoni tena, ndiyo maana anauza. Anataka kumnunulia mwanae mashine ya boti. Nikamwamkia, nikapewa kiti, nikapewa mgebuka wa kubanika na ugali, na gari liko pale pale nje linaniangalia.

Nilipomaliza kula nikaenda nikaweka kiganja juu ya boneti, kama fundi alivyosema. La moto.

"Babu, umelipasha."

"Nimelitoa kidogo nikaliweka kivulini."

Nikamwambia naomba lisiwashwe tena mpaka kesho alfajiri, nataka kuliona likiwa la baridi. Akanitazama muda. Akasema, "Baridi ya Kipili?" akacheka peke yake, mimi sikuelewa kinachochekesha. Usiku nililala kwa binamu Kirando sikupata usingizi, joto. Saa kumi na moja na nusu niko pale. Mzee akapanda, akaacha taa ya plagi za kupasha moto izime, akazungusha funguo. Jaribio la pili likawaka. Moshi mweupe kidogo, ukakata. Sauti yake ni ya kama mtu anatikisa debe lenye misumari, lakini haikukatika. Tukalipeleka mpaka pale mlima unapoanza, likapanda na gia ya pili bila kulalamika, na mshale wa joto ukabaki katikati. Nilikuwa nimekaa pembeni naona sasa milioni moja yangu ina umbo na harufu.

Tuliporudi nikapita gengeni kununua maandazi. Yule mama akaniuliza ndio mimi nimekuja kuchukua gari la mzee. Nikasema ndiyo. "Mnalipeleka Dar?" Ndiyo. Akageuza maandazi yote kwenye mafuta moja moja, hakuna haraka, halafu akasema, "Na mtu akishikwa uchungu usiku na mvua hii, atapandishwa Namanyere na nini?" Sikuwa na jibu. Nikalipa nikaondoka, na alinirudishia chenji pungufu na sikuidai.

Tukashuka bei mpaka milioni kumi na mbili na nusu. Mkataba tukaandikia ofisi ya kijiji kwa mtendaji. Nne natoa leo, nane na nusu ndani ya siku thelathini, nikishindwa nne hairudi. Jina la mnunuzi, kwa kuwa bosi hataki lake litajwe, likaandikwa langu na namba yangu ya NIDA. Nilijiona mjanja.

Kisha mtendaji akaomba kadi. Mzee akaitoa kwenye bahasha ya kaki, ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya Biblia. Mtendaji akasoma jina kwa sauti. Akamwangalia mzee. Akaniangalia mimi.

"Hili jina la nani?"

"La rafiki yangu," mzee akasema. "Mfanyabiashara wa Namanyere. Aliniuzia 2004. Karatasi hii hapa, ameandika mwenyewe. Marehemu sasa."

"Alifariki lini?"

"2011."

"Na hamkubadilisha?"

"Tulikuwa tunaaminiana. Na TRA iko Sumbawanga."

Mtendaji akaweka kalamu chini. "Mnunuzi, unalijua hili?"

Nikasema nalijua. Wangu, hela ya watu ipo kwenye mkoba, mzee ananiangalia, mvua inanyesha, na nimetoka Dar. Nikasema nalijua, nikasaini.

Kwa ambaye hajawahi kukutana nalo: gari lililoandikwa jina la mtu aliyekufa si kwamba huwezi kuliendesha. Unaliendesha miaka ishirini. Kinachoshindikana ni kulihamisha, kwa sababu wa kusaini upande wa muuzaji hayupo. Lazima familia yake iende mahakamani ipate msimamizi wa mirathi, huyo ndiye asaini. Kuna watu wengi sana wanatembelea magari ya marehemu na hawajui mpaka siku wanataka kuuza. Ile ada ya gari ya kila mwaka ilifutwa tangu bajeti ya 2017/18 ikahamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo siku hizi hata sababu ya kwenda TRA na kadi yako mtu hana, anaishi tu na jina la mwenzie.

Jioni ile nikampigia Kaka Mkubwa kutoka juu ya jiwe moja ambapo mtandao unapatikana. Akapokea, kuna muziki nyuma. Nikamwambia chuma ni chenyewe. Akasema poa, ila nitumie kadi vizuri, meneja ananisumbua. Sasa hapo ningefanyaje. Nikaipiga picha bila dole. Alama mbili za bluu. Kimya.

Siku ya nne ikaja sauti ya meneja, sekunde arobaini. Hakutukana, na hilo ndilo liliniumiza. "Dada, nilikuuliza kadi iko poa ukasema iko safi. Gari ni la marehemu. Sisi hatununui kesi. Naomba urudishe hela ya bosi."

Hela ya bosi alikuwa nayo mzee. Na mzee alikuwa ameshaipeleka milioni tatu kwa muuza mashine za boti.

Nilirudi Dar nina hasira hamjawahi kuona. Nikafungua laptop nikaandika kipande. Kirefu. Kaka Mkubwa nilimchora mpaka viatu, jina sikuweka lakini mtoto wa darasa la tatu angemjua. Nilisema ametuma msichana wa watu porini akamtelekeza. Jumamosi hiyo hiyo na yeye akapost picha ameegemea Land Rover nyingine, nyeupe, sijui ya nani. Nikaongeza aya mbili. Kidole kilikuwa kwenye kitufe. Kabla sijabonyeza nikamsomea dada yangu kwa simu, nikitegemea atasema wamalize. Akanisikiliza mpaka mwisho akauliza, "Sasa yeye kakosea wapi?"

Nikarudi kwenye maandishi kutafuta pa kumwonyesha. Nilitafuta kweli, nikipandisha na kushusha. Kile kipande bado kipo kwenye rasimu na hakitatoka. Kumbukeni kilichonileta mjini ni kuandika watu wanaojionyesha na vitu visivyo vyao.

Hesabu ikawa hivi. Kaka Mkubwa namdai sifuri, ananidai milioni nne. Mzee ananidai nane na nusu, nisipolipa kwa siku thelathini anabaki na nne na gari lake. Njia ya mkato ilikuwepo na niliifikiria, kuzima laini. Kipili ni mbali. Mzee ana namba yangu tu na karatasi yenye jina langu. Niliishi na hilo wazo siku tatu hivi. Mwishowe kilichoniondoa ndani ni kitu kidogo, binamu kaniambia mzee anauliza kama nimefika salama.

Nikarudi Kipili mwezi wa pili kwa nauli ya kukopa. Nikamkuta anashona wavu. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, nikaishia kusema mnunuzi alikuwa mtu mwingine, amekataa, mimi hela sina, na nilijua tangu siku ya mkataba kwamba kadi ina shida nikanyamaza.

Mzee akaendelea kushona matundu kama matatu manne. Halafu akasema, "Lile dole nilimwambia mimi aliweke pale."

"Dole gani, babu?"

"La mtoto. Nilimwambia shika hapa."

Nikamwambia na mimi nililiona. Tukakaa. Mkewe alikuwa mlangoni anapepeta mchele, akatuangalia wote wawili akaingia ndani.

Tuliongea mpaka jioni na ndipo tukafanya mkataba wa kweli, bila mtendaji. Bei tukashusha mpaka milioni kumi, kwa sababu ya kadi. Gari likabaki Kipili. Mkwe wake awe dereva, libebe dagaa na migebuka kupeleka Namanyere, kila mwezi baada ya dizeli na spea mapato yakatwe nusu kwa nusu, na nusu yangu isinifikie, ihesabiwe kwenye milioni sita iliyobaki. Mimi kazi yangu ni kufuatilia karatasi mpaka jina libadilike. Na mama wa maandazi, mzee akasema mwenyewe, mgonjwa wa usiku habebwi kwa hesabu.

Karatasi ndiyo ilinikomesha. Binti wa marehemu tulimpata Chala, anauza nguo. Alitupokea kama wezi. Familia miaka yote ilikuwa inaamini baba aliliazimisha lile gari kwa rafiki yake wa ziwani na rafiki akakaa nalo baada ya msiba. Mzee akatoa ile karatasi ya 2004. Yule dada akaisoma, halafu akairudia, na nikaona haangalii tena maneno, anaangalia mwandiko. Aliomba kutoa kopi kabla hatujaongea kitu kingine chochote. Alitaka laki tatu kwa usumbufu, tukampa mbili na gunia la dagaa. Kikao cha ukoo, muhtasari, cheti cha kifo, Mahakama ya Mwanzo, tangazo, njoo kesho, njoo wiki ijayo. Miezi minne. Nauli za Dar na Sumbawanga za kipindi kile sitaki kuzijumlisha.

Na Kaka Mkubwa? Niliuza kamera, ikaenda milioni moja na laki mbili. Nikauza laptop. Baada ya hapo nilikuwa natuma laki, laki na nusu, na meneja anajibu "imepokelewa" kila mara bila neno la ziada. Mwezi wa tano Kaka Mkubwa mwenyewe akaandika, "Imebaki ngapi?" Nikamwambia moja na laki saba. Akajibu, "Sawa." Basi. Niliitazama ile "sawa" wiki nzima nikisubiri imalizie sentensi. Agosti nikamaliza. Ndiyo maana kuna miezi nilikuwa naandika hapa kwa simu yenye kioo kilichopasuka, mkawa mnanicheka herufi zinakosekana.

Gari bado liko kule, halijawahi kuja Dar, zile picha ni za binamu. Chesisi nyuma imechomelewa upya. Kwa mzee imebaki milioni mbili na kidogo, na mpaka sasa limeshapandisha wajawazito wawili Namanyere, mmoja kampa mtoto jina la mkwe.

Ila niwamalizie siku ya TRA. Julai, Sumbawanga. Mzee alisema lazima gari liwepo, ingawa nilimwambia wanahitaji karatasi, hawahitaji gari. Akalileta na mkwe wake siku moja kabla, wakalala kwetu Majengo, gari nje chini ya mwembe wa jirani. Wale wa Dar hamjui Julai ya kwetu. Ziwa liko kama mita 770 kutoka usawa wa bahari, sisi tuko juu zaidi ya mita 1,700, na upepo unavuma uwanda mzima hakuna cha kuuzuia. Asubuhi majani yalikuwa yameganda maji. Binti wa marehemu ameshapiga simu yuko stendi. Mkwe akapasha plagi, akazungusha. Kimya kile cha tik, tik, tik. Akapasha tena. Akazungusha mpaka betri ikaanza kuongea kwa huzuni.

Wakaitwa bodaboda wa pale kona, wanafunzi wawili wakaweka mabegi chini, mama yangu na kanga yake begani, mimi na sketi yangu ya kwendea ofisini, tukasukuma. Mzee yuko kiti cha mbele na koti lake na kofia imevutwa mpaka masikioni, haruhusiwi kushuka kwa sababu ya macho. Mara ya tatu likashika, likatoa moshi mweupe ukafunika mtaa, watu wanakohoa na kushangilia. Nikakimbia nikadandia mlango wa nyuma. Mzee akageuka, machozi ya baridi yanamtoka, anacheka vile vile kama alivyocheka siku ile ya kwanza.

"Mjukuu," akasema, "ile asubuhi yako ya baridi uliyokuwa unaitaka, si hii hapa?"